Faili Zisizozeeka za Daktari

Watu wa Kakamega wanamsifu Daktari mpaka leo, nami huwaacha wasifu. Ukikaa kwenye benchi la kliniki yoyote ya meno hapa mjini hutakosa kumsikia mama mmoja akimwambia mwenzake, "Hawa wa siku hizi ni watoto. Ungemwona Daktari!" Na mimi, ambaye ni mmoja wa hao watoto, napita na glavu zangu mkononi na barakoa usoni, na heri ile barakoa ipo, maana uso ulio nyuma yake si wa kuonyesha wagonjwa.

Simtaji jina, wala si kwa heshima. Hakuna aliyemwita kwa jina. Fundi wa bomba alisema "Daktari", askofu alisema "Daktari", kana kwamba madaktari wengine wote wa mji walikuwa wauza nyanya. Mwenyewe alipenda hivyo. Akipiga simu alijitambulisha, "Hapa ni Daktari," na ole wako uulize daktari gani. Mimi nilifanya kazi kwake miaka kadhaa nilipotoka chuoni, nikiwa daktari wa meno mwenye cheti na kila kitu, na kwa miaka hiyo yote aliniita "msichana". Hata "msichana wangu" ingekuwa na utamu kidogo. Lakini wapi! Msichana tu.

Nianze na mikono yake, maana nisipoisifu mtasema nina wivu. Alikuwa na vidole vyembamba, vya mtu ambaye angeweza kushona magauni ya harusi akashiba. Angemng'oa gego mkata miwa mwenye taya kama mlango wa ghala huku akimsimulia habari za mbwa wake, na yule mtu angeuliza, "Sasa, Daktari, tunaanza lini?" jino likiwa tayari ndani ya bakuli. Kila mwezi alikwenda Khwisero, akaweka kiti chake kwenye uwanja wa kanisa na kutibu watu bure kutwa nzima, na akirudi hakumtangazia mtu. Mwenye maumivu hakumwacha asubiri. Aliacha chakula mezani, akanawa mikono, akaja. Haya, nimesema. Msinilazimishe kurudia.

Shida ya mtu mwenye mikono kama ile ni kwamba anaanza kuiamini kuliko kichwa chake. Halafu anaiamini kuliko kichwa cha kila mtu.

Chukua habari ya miwa. Ukanda huu wetu ni wa miwa, na hakuna mgonjwa aliyetoka kwa Daktari bila kuhubiriwa. "Muwa ni adui! Unakula sukari na kamba kwa pamoja!" Alikuwa akipandisha sauti mpaka walio nje wasikie, na watoto waliokuwa na vipande mifukoni wakavitupa dirishani. Saa ya chakula cha mchana ikifika, Daktari alikuwa nyuma ya kliniki kwenye kigoda, miguu ameitanua, anamenya muwa kwa meno yake mwenyewe kama mtu anayepara samaki magamba, na rundo la maganda linamfika kwenye viatu. Nyani haoni kundule. Na meno yake, Mungu anisamehe, yalikuwa meupe na mazima yote. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Lakini miwa ni mzaha. Nilichotaka kusema ni habari ya faili.

Jino likioza hadi ndani si lazima uling'oe. Unaweza kulitoboa juu, ukausafisha mfereji mwembamba unaopita ndani ya mzizi, ukaliziba, na mwenye nalo akaendelea kula. Mfereji huo husafishwa kwa faili, kijichuma chembamba kama sindano ya kushonea, chenye kingo za kukwangua, kinachozungushwa na mota ndogo. Zamani faili zilikuwa za stili, na stili ni mkweli. Ikichoka inapinda, na ikipinda inabaki imepinda. Kingo zake zilizosokotwa zinaanza kufunguka, unaziona kwa macho, unaitupa. Daktari alijifunza kazi kwa stili. Kizazi chake chote kilijifunza hivyo: shika faili, itazame, iliyonyooka ni nzima, iliyopinda imekwisha.

Halafu zikaja hizi za nikeli na titani. Unaikunja mpaka ncha ikaribie shina, unaiachia, nayo inarudi imenyooka kama askari mbele ya bendera. Ndiyo maana inaweza kupita kwenye mzizi wenye kona bila kuutoboa, na sikatai, ni baraka kubwa. Lakini kila inapozunguka ndani ya ile kona inakunjwa na kunyooshwa, inakunjwa na kunyooshwa, na uchovu wake unajikusanya ndani, kwenye vijiufa ambavyo jicho halivioni. Ni kama mpini wa jembe ulioliwa na wadudu kwa ndani: nje unang'aa, na siku ya kazi unabaki na nusu mkononi. Faili ya namna hii haipindi kwanza ili ikuonye. Inakatika tu, na kipande kinabaki kimekwama ndani ya mzizi wa mtu. Kwa hiyo zile tulizokuwa tukinunua ziliandikwa kwenye pakiti, kwa herufi ambazo hata bibi yangu angeziona, kwamba zitumike kwa mgonjwa mmoja na kutupwa.

Sasa mpe mtu wa stili chuma kisichopinda. Unafikiri atafanyaje? Ataamini kwamba kimeshinda uzee.

Kila asubuhi, vyombo vikitoka kwenye mashine ya mvuke, Daktari alichukua faili zake moja moja mpaka dirishani. Aliikunja juu ya ukucha wa kidole gumba, akaiachia, akaifuata kwa jicho moja kama fundi anayetazama ubao. "Imenyooka," anasema. "Chombo kilichonyooka ni kizima." Kisha inarudi kwenye trei, kwenda kwenye mdomo mwingine, na mwingine, na mwingine. Wagonjwa walipenda tamthilia hiyo. Aliwafanyia hata wao wakiwa kitini: kunja, achia. "Umeona? Hii haijui kuzeeka!" Nao, midomo wazi, walitoa macho kwa mshangao. Ningekuwa sijui ninachokijua, hata mimi ningepiga makofi.

"Daktari, hii tumeitumia sana," nilimwambia siku moja, na si siku moja tu.

"Msichana, imepinda?"

"Haijapinda, lakini hizi hazi..."

"Haijapinda. Basi hiyo lakini ni ya nini?"

"Pakiti inasema mgonjwa mmoja."

"Pakiti imeandikwa na muuzaji. Ukimsikiliza muuza viatu, utabadilisha viatu kila Ijumaa." Akacheka, na kila mtu chumbani akacheka naye, mgonjwa pia, ingawa alikuwa na ganzi nusu ya uso.

Na asidhani mtu kwamba alikuwa bahili. Bahili ningemwelewa. Huyu alibadilisha matairi ya gari lake kabla hata hayajaanza kulika. Dereva wa teksi alimwuliza mbele yangu kwa nini anatupa tairi zima, naye akamjibu kwa uzito wote, "Tairi halikuambii siku litakayopasuka. Unalitoa likiwa bado linakudanganya." Haki ya Mungu, nilisimama pale nikamtazama. Maneno hayo yametoka kwenye mdomo wake mwenyewe! Akapanda gari, akaja kazini, akaenda dirishani na faili yake.

Zilikuwa zikikatika, ndiyo. Si kila siku, lakini zilikatika. Hakuna kelele; unasikia "tk", kama ukucha unaokatwa, na mota inaendelea kuzunguka kwa furaha na kijiti kifupi kuliko ulichoanza nacho. Hapo Daktari alikuwa na desturi yake. Alikohoa kidogo, akaweka mota chini taratibu, akamwuliza mgonjwa habari za mvua. "Kwenu mvua imenyesha?" Mgonjwa, mdomo umejaa pamba, anajibu "aaa". "Vizuri, vizuri. Mahindi yatapona." Na huku anasema hivyo anaziba jino, kipande kiko ndani, kazi haijakwisha. Tuliomzoea tulijua. Daktari akiuliza mvua, kuna mtu anarudi nyumbani na chuma asichokijua.

Nilipomwuliza kwa nini hawaambii, alinijibu msemo wake mwingine: "Mgonjwa akijua mengi, hafungui mdomo vizuri." Kisha akanieleza kwamba kipande ni safi, kimepikwa kwa mvuke, jino halijui tofauti. Na niseme kweli, vipande vingine hukaa maisha yote bila kumsumbua mtu, kama mzizi ulikuwa umesafishwa vizuri kabla ya kukatika. Na faili inaweza kukatika mkononi mwa yeyote, hata mpya, hata kwangu. Hakuna dhambi hapo. Lakini mdomo ni wa mtu! Unamwachia mtu chuma mwilini halafu unamwuliza mvua?

Mwisho wangu pale ulikuja hivyo hivyo. Faili ilikatika, akakohoa, akauliza mvua, nami nikainama karibu na yule mgonjwa, mwalimu wa shule ya msingi, nikamwambia, "Mwalimu, kuna kipande kidogo kimebaki ndani, itabidi tukifuatilie." Daktari hakunigombeza mbele yake. Alimaliza kazi, akamsindikiza mpaka mlangoni, akarudi. "Msichana," akasema, "hapa hatuuzi hofu." Nikatundika koti langu, nikaondoka, na sijawahi kujuta hata kwa dakika moja.

Sasa nije kwa dada yangu.

Dada yangu mkubwa analima mahindi Mautuma, kwenye shamba lililobaki kwa wazee wetu. Ndiye aliyenilea. Magego ya kushoto yaling'olewa yote alipokuwa msichana, zama ambapo jino likiuma dawa ni koleo, kwa hiyo anatafuna upande wa kulia, na huko kulia lililobaki na nguvu ni gego moja la chini. "Mimi nakulanga upande huu tu," ndivyo anavyowaambia watu wakimkaribisha mahali, ili wasishangae akichelewa kumaliza. Gego hilo lilipoanza kuuma nilimwambia aje kwangu. Mimi, daktari, na kliniki yangu, na faili zangu mpya ndani ya pakiti.

"Kwako?" akasema. "Nifungue mdomo mbele ya mtoto niliyembeba mgongoni? Wacha hiyo! Mimi naendanga kwa wakubwa."

Akaenda kwa Daktari. Sikujua mpaka alipopita kwangu jioni ile, anakunywa chai kwa upande wa kushoto, amefurahi kweli.

"Mkono mwepesi, mdogo wangu! Sikusikia kitu. Na ana utu huyo mzee. Katikati ya kazi ameniuliza hata habari za mvua."

Nikamwomba nimpige picha ya eksirei hapo hapo, akakataa kata kata. Kwani mimi namwonea Daktari wivu mpaka lini? Akapanda gari akaenda zake kupalilia.

Alirudi msimu wa mavuno, shavu limevimba mpaka jicho limefungika, na safari hii aliufungua mdomo mbele ya mtoto aliyembeba. Picha ilionyesha kila kitu. Mzizi umepinda kama mkono wa kikombe, na pale kwenye kona kuna kamstari keupe, kamenyooka vizuri sana. Chini yake usaha umeula mfupa. Nilikamua usaha, nikampa dawa, nikajaribu kupita kando ya kile kipande. Sikuweza. Nikajaribu tena, polepole, kutwa nzima, nikashindwa tena. Nilimwambia dada yangu kila kitu, na hakulia. Aliuliza tu, "Hilo likitoka, nitatafuna na nini?"

Daktari bingwa wa Eldoret aliyeiona ile picha aliniambia jambo moja. Ikiwa faili ilikatika mwishoni, mzizi ukiwa umekwisha kusafishwa, basi mzizi unafaa kufunguliwa kwa upasuaji mdogo kutoka chini na jino linaweza kuokolewa. Ikiwa ilikatika mwanzoni, chini ya kipande hakuna kilichosafishwa kamwe, na kumpasua ni kumtesa bure. Picha yangu haikunipa jibu la uhakika. Aliyejua ni mmoja tu, na kati ya palizi na mavuno alikuwa amestaafu, anaishi Shirere, amejenga vyumba vya kukodisha wanafunzi.

Nikameza kiburi. Tulikwenda Jumamosi mchana, mimi na dada yangu, naye amebeba mahindi mabichi kwenye kikapu, maana huendi kwa mzee mikono mitupu, hata mzee huyu. Daktari alitupokea vizuri, sitasema uongo. Alikuwa amepungua mwili na miwani imekuwa minene, lakini shati limepigwa pasi na meno yapo yote. Daktari hakumkumbuka dada yangu hata kidogo. Alimwamkua "mama", akachukua kikapu, akageukia kwangu. Chai ikaja, na njugu. Dada yangu hakuzigusa njugu.

Nilikuwa nimejipanga niseme kwa adabu. "Daktari, nimekuja kwa sababu ya jino moja," nikaanza, na kabla sijafika popote alikwisha kuninyang'anya simu, anaikuza picha kwa vidole viwili. Vile vidole havikuwa vimesahau kitu.

"Ee Mungu wangu," akasema. "Ni mpumbavu gani huyu?"

Dada yangu akaweka kikombe chini.

"Tazama hii, msichana. Tazama! Ameingiza faili iliyokufa zamani. Hizi za nikeli na titani hazikuonyeshi kitu, zinanyooka tu, zinakuchekea. Ukishaipitisha kwenye mizizi miwili mitatu yenye kona kama hii unaitupa. Si nilikuwa nawaambia kila siku?"

Chai ilinipalia. Nilikohoa mpaka macho yakatoa machozi. Kumbe alijua! Huyu hakuwa mzee aliyepitwa na wakati, aliyedanganywa na chuma cha kisasa. Sijui alijua tangu lini, lakini alijua vizuri kuliko mimi, na alinisimulia kama mtu aliyeishi akifundisha hayo.

"Daktari," nikasema nilipopata pumzi, "faili ilikatika mwanzoni mwa kazi au mwishoni?"

"Mwanzoni!" Hakufikiri hata kidogo. "Hapa chini hapajaguswa. Mfereji uko kama Mungu alivyouumba. Ameingia, amevunja, ameziba, amekwenda kula. Na kwa hakika hakumwambia mwenye jino. Hili ng'oa, usimtese mtu. Na huyo aliyefanya hivi anyang'anywe leseni."

"Daktari," dada yangu akasema. Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayemwambia mgeni kwamba amekalia kofia yake. "Ni wewe. Jino ni langu. Nilikuja kwako wakati wa kupalilia."

Alimtazama. Akaitazama simu. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa, akaikuza ile picha upya, akaigeuza simu huku na huku. Nilingoja. Kusema kweli nilitamani, kwa mara ya kwanza maishani, kumhurumia.

"Hapana," akasema mwishowe. "Picha za simu hizi zinadanganya. Ukiangalia vizuri, mfereji ulikuwa umesafishwa mpaka chini. Ni kazi nzuri. Faili ilikatika mwisho kabisa, ikitoka. Jino hili ni zima, halina shida."

"Umekumbuka, Daktari? Au unakisia?"

"Msichana, mimi sikisii."

Jino lilikuwa lile lile na picha ile ile, na chai haikuwa imepoa. Lilioza na likapona kwa Daktari kuambiwa ni kazi ya nani. Sikuwa na haja ya kuuliza tena. Niliamini jibu la kwanza, alilolitoa kabla hajawa na mtu wa kumtetea. Nikanyoosha mkono nichukue simu yangu.

Hapo ndipo Daktari alipomgeukia dada yangu, kwa mara ya kwanza tangu tuketi, akaegemea mbele, akamtazama mdomoni kwa ule uso wake wa kazi, uso ambao mji mzima unauota.

"Mama," akamwuliza, "kwani wewe hupigi mswaki?"

Na dada yangu, aliyenibeba mgongoni, ambaye ana wajukuu, akakaa wima na kuweka mikono mapajani.

"Napiganga, Daktari," akajibu. "Asubuhi na jioni."

Nililing'oa mwenyewe Jumatatu.